Wagonjwa kumi wa Kattal Bagan: shajara ya zoezi la kufuatilia kipindupindu

Jumamosi, 13 Januari 2024. Kwa nini tunaanza

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulinikuta nikiwa mhudumu wa afya ya jamii huku Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Nilijaza fomu za nyumba kumi na moja. Ugonjwa ulipotulia nilizipitia tena, nikaona kwamba kwenye nafasi ya chanzo cha maji nilikuwa nimeandika neno moja mara kumi na moja: bomba. Sikudanganya. Kila niliyemuuliza alinijibu bomba. Lakini ni bomba lipi, limepita mtaro gani, na siku maji yalipokatika watu walichota wapi, hakuna fomu yangu hata moja inayoeleza. Mtoto mmoja wa nyumba hizo alilazwa siku tatu. Sijui alikunywa nini. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa nimepewa wahudumu wapya 14 niwafundishe, na nimeamua wasianze na fomu. Waanze na zoezi la mezani: ramani, kadi za wagonjwa, uzi na maharagwe, wafuatilie mlipuko mmoja mgonjwa kwa mgonjwa mpaka waelewe fomu inatafuta nini. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama, ili anayetaka kuiga katika mtaa wake asipitie tulikojikwaa.

Mlipuko wa 2022 sitautumia, kwa kuwa ndani yake kuna majirani. Nikiweka kadi ya mgonjwa wa nyumba ya tatu kutoka kwa kinyozi, kila mtu mezani atajua ni nani. Nilitaka ugonjwa wa zamani, wa watu ambao hakuna atakayewasengenya.

Nilianza na Unguja ya 1869 na 1870, maana ni nyumbani kwa lugha. Daktari James Christie aliyekuwa kisiwani wakati huo aliufuatilia ugonjwa kutoka bara, ukipita nchi ya Wamasai pamoja na misafara, ukafika pwani ya Pangani, ukavuka bahari. Ni kazi ya subira kubwa, na sijutii wiki mbili nilizoitumia. Ila ugonjwa wake anaufuata kwa njia za biashara, na mimi natafuta mlango kwa mlango. Nimeiweka kando.

Nimehamia Calcutta, India, ya 1894, chini ya Waingereza. Kule kuna kitongoji kimoja kidogo kiasi cha kuenea mezani.

Gharama: saa nne za saiba na daftari, shilingi 320.

Jumamosi, 27 Januari. Takwimu za kuanzia

Kattal Bagan kilikuwa kitongoji cha mabanda ndani ya Calcutta. Watu wapatao 200 waliishi kuzunguka matangi mawili. Mwishoni mwa Machi 1894 wawili walikufa kwa kipindupindu na wengine wawili wakashikwa na kuharisha kulikofanana nacho. Akaja mwanasayansi Waldemar Haffkine, mzaliwa wa Odessa, ambaye Julai 1892 alijidunga mwenyewe chanjo yake ya kipindupindu kule Paris kabla ya kumdunga mtu mwingine. Watu 116 wa kitongoji wakachanjwa. Baada ya hapo walipatikana wagonjwa kumi: tisa wa kipindupindu, saba kati yao wakafa, na mmoja wa kuharisha. Wote kumi walitoka miongoni mwa wale ambao hawakuchanjwa.

Ni takwimu chache, lakini zina kitu ambacho fomu zangu hazikuwa nacho: zinahesabu na wazima. Zinasema wagonjwa kumi ni kumi kati ya wangapi.

Tumebandika karatasi sita za manila pamoja, tumechora vibanda na njia. Gharama: karatasi 120, kalamu za wino mzito 150.

(Neno "matangi" hapo juu nimeliacha kama nilivyoliandika siku hiyo. Soma kinachofuata.)

Jumamosi, 10 Februari. Kosa la tangi

Kadi 40 zilichapishwa kurasa kumi na kupigwa laminesheni, shilingi 900. Nikagawa watu vikundi vitatu. Niliwaambia tu: kitongoji hiki kina matangi mawili, wagonjwa ni hawa, tafuteni.

Kikundi cha kwanza kilichora matangi meusi ya plastiki juu ya vyuma, kama ya wauza maji wetu, kikaanza kutafuta mahali bomba lilipopasuka. Cha pili kiliuliza ni nani aliyekaa na ufunguo wa koki. Cha tatu kilipendekeza mtu apande juu aweke klorini na kufunga mfuniko. Wakabishana saa nzima, kwa bidii, na hoja zao zilikuwa nzuri kabisa kwa Mukuru. Kwa Kattal Bagan hazikuwa na maana yoyote.

Kosa lilikuwa langu. Kiingereza cha India kilitumia neno lile lile tulilolifanya "tangi" kuitia shimo kubwa la kuchimbwa linalokusanya maji, yaani bwawa. Watu wanaishi kandokando yake. Humo wanaoga, wanafua, wanasuza vyombo, na humo humo wanachota maji ya kupikia na ya kunywa. Halina koki wala mfuniko, wala mwenye ufunguo. Uchafu wa nyumba moja huwa maji ya nyumba zote kabla ya jua kutua.

Nililifasiri neno bila kukiona kitu chenyewe, na watu 14 wakatafuta kisichokuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea kwenye fomu zangu kumi na moja: niliandika "bomba" bila kwenda kuliona bomba.

Kadi zote zimetupwa. Kwenye ramani tumechora mabwawa mawili kwa rangi ya bluu, na vibanda vikiyazunguka hadi ukingoni. Nimetengeneza pia kadi moja ambayo sitaifunua mpaka mwisho. Inamhusu Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Kijerumani, aliyefanya uchunguzi Calcutta hiyo hiyo mwaka 1884. Alikuta bakteria wa kipindupindu katika bwawa la namna hii, ambapo watu 17 wa kandokando walikuwa wamekufa. Anayetaka kuiga zoezi aifiche kadi hiyo kama nilivyofanya. Sababu nitaeleza.

Jumamosi, 24 Februari. Njahi, maharagwe na kosa la tarehe

Kadi mpya, shilingi 900 nyingine. Njahi (fiwi nyeusi) robo na maharagwe mekundu robo, shilingi 90.

Njahi 84 ni wasiochanjwa, maharagwe 116 ni waliochanjwa. Niliwaambia watoe njahi moja kwa kila mgonjwa. Vikundi viwili vilitoa 14, kimoja kikatoa 10, na hapo tukapata somo ambalo sikulipanga.

Waliotoa 14 walijumlisha wagonjwa wanne wa mwanzo na kumi wa baadaye. Ndivyo hata mimi ningefanya, maana wote ni wagonjwa wa kitongoji kimoja katika mlipuko mmoja. Lakini wale wanne waliugua kabla sindano haijaletwa. Siku hiyo hakukuwa na mtu aliyechanjwa katika kitongoji kizima, kwa hiyo kusema "wagonjwa wote 14 hawakuchanjwa" ni kweli isiyotufundisha kitu, na inaipa chanjo sifa isiyostahili. Kulinganisha kunaanza siku ambayo makundi mawili yamekuwepo.

Kijana wetu anayechora ramani alipinga kwa muda mrefu. Aliona tunawafuta watu wanne. Nikamwambia hawafutwi, wanabaki kwenye ramani, tena wao ndio wanaotuonyesha ugonjwa uliingiaje. Ila kwenye hesabu ya chanjo hawana upande. Tukawapa rangi yao: kunde nne nyeupe kutoka jikoni kwa mama mmoja.

Kisha hesabu. Kumi kati ya 84 ni kama watu 12 kwa kila mia. Kama waliochanjwa nao wangeugua kwa kiwango hicho, tungetarajia karibu 14 kati ya 116. Hakuugua hata mmoja. Tuliyasogeza maharagwe 14 mekundu pembeni ili tuone kwa macho ni watu wangapi. Meza ilinyamaza.

Aliyevunja kimya ni mama aliyeleta kunde. "Mwalimu, hawa 84 kwa nini hawakuchanjwa? Kama mchana walikuwa kazini, basi walikunywa maji ya huko kazini."

Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Nguvu ya kazi ya Haffkine ni kwamba alilinganisha watu wanaoishi pamoja na kutumia maji yale yale, badala ya kulinganisha mtaa na mtaa. Lakini aliyechanjwa hakuchaguliwa kwa kura. Swali la mama sasa ni kadi namba 31, nalo linaulizwa katika kila kikao.

Jumamosi, 16 Machi. Majina niliyoyabuni

Haya ni makosa ambayo sikuyaona kuwa makosa mpaka nilipoambiwa.

Takwimu nilizozifanyia kazi hazina majina. Zinatoa idadi ya waliokufa na ya waliopona, basi. Niliona kadi zimekauka, nikaamua kuzipa uhai. Kila mgonjwa nikampa jina la Kihindi, umri, kazi na idadi ya watoto. Mmoja nikamfanya mfumaji, mwingine mjane. Nilikesha usiku mzima na nikaridhika.

Tulipoanza, mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alishika kadi ya mjane akaitazama muda mrefu.

"Mwalimu, huyu umemtoa wapi?"

Nikamweleza kwamba nimembuni, ili watu waguswe.

"Mtu alikufa kweli," akasema, "halafu wewe unampa jina la uongo na watoto wa uongo. Angekuwa ndugu yangu, ungekuwa umenikosea."

Sikubishana naye. Alikuwa amesema kweli, na palikuwa na hatari nyingine ambayo hakuitaja: ningewazoesha wahudumu kujaza nafasi tupu kwa kinachoonekana kufaa, nao wangeenda kufanya hivyo hivyo kwenye fomu za kweli. Mimi mwenyewe nilishafanya. "Bomba" ilikuwa neno la kufaa.

Tumezifuta kadi kwa spiriti, zikabaki na yale tunayoyajua: alikuwa kabla au baada ya chanjo, alipona au alikufa. Sehemu nyingine ya kadi ni tupu. Na tumeamua kwamba hiyo sehemu tupu ndiyo zoezi lenyewe. Mhudumu haandiki jibu pale, anaandika swali ambalo angemuuliza mgonjwa huyu au jirani yake kama angekuwa mlangoni Kattal Bagan asubuhi ile.

Ili waone swali zuri linazaa nini, nimeongeza kadi za kipindupindu cha London ya 1854, ambako visa vya mtu mmoja mmoja viliandikwa kwa undani. Daktari John Snow alichukua orodha ya watu 83 waliokufa karibu na pampu ya Broad Street. Waliofia mahali ambapo pampu nyingine ilikuwa karibu zaidi walikuwa kumi tu. Hakuwaacha hao kumi eti kwa kuwa wanaharibu ramani. Alikwenda kuuliza. Familia tano zilimwambia kwamba wao huagiza maji ya Broad Street siku zote. Watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo.

Ninayempenda zaidi ni mjane wa Hampstead. Aliishi mbali na mtaa ule kabisa, lakini alipenda ladha ya maji yake, na mkokoteni ulimpelekea chupa kila siku. Alikunywa maji yaliyochotwa Alhamisi tarehe 31 Agosti, Jumamosi akafa. Mpwa wake aliyemtembelea alikunywa, akarudi kwake Islington, naye akafa. Ukichora ramani kwa mahali mtu alipolala, hawa wawili ni nukta zilizopotea. Ukichora kwa maji aliyokunywa, wako pale pale kwenye pampu.

Kisha tukawageukia wazima. Nyumba ya maskini ya Poland Street ilikuwa na watu 535 na wakafa watano tu, maana ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia, zaidi ya 70, hakufa hata mmoja, kwani walikunywa bia na maji ya kisima cha ndani. Mchungaji kijana Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow kuhusu maji ya pampu, aliwatafuta waliopona na wasiougua pia: kati ya watu 137 waliokunywa maji ya pampu waliugua 80, na kati ya karibu 300 wasioyanywa waliugua 20. Ni Whitehead huyo aliyemfikia mtoto mchanga wa nyumba namba 40, ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la uchafu lililo kando ya kisima cha pampu ile.

Chai na mandazi ya watu 15, shilingi 600. Uzi mwekundu umeingia hapa: kila nukta ya mgonjwa ifungwe uzi hadi kwenye maji aliyokunywa.

Jumamosi, 6 Aprili. Kujaribu mlangoni

Kwa ruhusa ya keyateka, yaani msimamizi wa ploti, tuliingia ploti moja ya vyumba 22, isiyo na mgonjwa, kujaribu maswali tu. Hatukuandika jina la mtu.

Wawili wa kwanza walibisha hodi wakauliza, "Kuna mtu anahara hapa?" Milango minne ilifungwa mfululizo. Kuhara ni neno la fomu. Mbele ya watoto na majirani kwenye korido ni kama tusi. Watu wanasema tumbo linaendesha. Tulipobadilisha, "Wiki hii kuna mtu tumbo limekuwa likimwendesha?", mama mmoja alitukaribisha ndani na kutupa kiti.

Swali la maji lilishinda tena kama lilivyonishinda 2022. Vyumba 22, majibu 22: bomba. Tukaacha kuuliza, tukaomba. "Tuonyeshe mtungi wa maji ya kunywa. Ulijaziwa wapi leo? Na siku ile maji yalipotea?" Watu wakatoka nje na kutuonyesha kwa kidole. Vyanzo vikawa vitano. Kuna bomba la ploti, ambalo hutoa maji siku mbili kwa wiki. Kuna la jirani, mpira wake umelala ndani ya mtaro wa majitaka mwendo wa hatua kumi na nne (nilihesabu mwenyewe). Kuna mkokoteni, ambao mwenyewe hakupenda kusema anachota wapi. Na kuna maji ya shuleni kwa watoto na ya mjengo kwa baba zao, ambayo hayaingii nyumbani kabisa ila tumboni yanaingia.

Swali lingine tuliloongeza ni la muda. Kipindupindu huweza kujitokeza saa chache baada ya kumeza, au kikangoja hadi siku tano. Hivyo tunarudi siku tano nyuma, moja moja, tukishikilia vitu ambavyo mtu anavikumbuka: siku ya soko, siku ya kanisa, siku stima ilipopotea. "Wiki iliyopita ulikunywa wapi?" haimsaidii mtu kukumbuka chochote.

Uzi na nauli, shilingi 300.

Jumamosi, 27 Aprili. Mafuriko

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 maji yaliingia. Ukumbi tuliokuwa tukikutania umejaa watu waliopoteza nyumba. Ramani imelowa na kupasuka, kadi zimepona kwa sababu ya laminesheni. Wahudumu wote wako kazini: tembe za klorini, vyoo, na kurudia kwa kila mama kipimo cha sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kwa lita moja ya maji safi. Mradi umesimama.

Jumamosi, 25 Mei. Mtu wa Calcutta aliyekuja Nairobi

Ramani mpya, safari hii chini ya karatasi ya nailoni, shilingi 280.

Nilipokuwa nikichora upya nilirudia kusoma juu ya Kattal Bagan, nikakutana na jina ambalo awali nililipita: W. J. Simpson, afisa wa afya wa jiji la Calcutta, aliyeunga mkono kazi ya Haffkine na kufuatilia matokeo yake. Nilijua nimewahi kuliona. Ni Profesa Simpson yule yule aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913 kwa sababu ya tauni. Nairobi ilikuwa imepigwa na tauni tangu 1902, mwaka ambao Bazaar ya Wahindi ilichomwa moto kwa amri ya wakubwa. Simpson alikagua, akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ukanda wazi katikati.

Jambo hili limenisumbua juma zima. Kule Calcutta alishuhudia kwa karibu kwamba majirani wawili wa rangi moja, kandokando ya bwawa moja, mmoja anaugua na mwingine anabaki mzima kwa sababu inayoweza kutafutwa na kuhesabiwa. Alipofika hapa akapendekeza mstari wa kutenga watu. Mstari huo haukumpa mtu wa mabandani maji safi. Mabomba na mifereji vilitangulia kufika kule mstari ulikopendelea, na mpira ule wa hatua kumi na nne mtaroni ninauona kuwa mjukuu wa ramani hiyo. Wapo kwenye kikundi wanaosema naenda mbali mno. Nimeisikia hoja yao na sijabadilika.

Zoezi limeongezewa sharti moja. Mhudumu akiandika kwamba ugonjwa umeletwa na "watu wa upande ule", kadi inarudishwa. Aonyeshe maji.

Jumamosi, 15 Juni. Kikao kizima

Tumelifanya zoezi kutoka mwanzo hadi mwisho kwa saa tatu na nusu. Nakala za karatasi ya maswali 140, chai 600.

Njahi na tarehe zilienda vizuri, hakuna aliyechanganya wanne na kumi. Uzi ulileta shida: mgonjwa mmoja ana maji matatu, na nyuzi zikafungana. Tumeamua uzi mzito kwa maji ya kila siku na mwembamba kwa yale ya mara moja. Inasaidia, ila bado meza inajaa haraka.

Kilichonifurahisha zaidi ni kadi tupu. Mwezi Machi maswali yao yalikuwa ya jumla: unakunywa maji gani, choo kiko wapi. Safari hii kijana wa ramani aliiweka mezani kadi ya mmoja wa waliokufa mwishoni mwa Machi 1894, kabla ya chanjo. Alikuwa ameandika: "Nguo na matandiko ya huyu yalifuliwa wapi, na nani alichota hapo siku hiyo?" Hakuna aliyemdokezea. Nikaifunua kadi ya Koch. Kule kwenye bwawa la watu 17, nguo za mgonjwa wa kwanza kufa zilikuwa zimefuliwa ndani ya bwawa lenyewe. Kijana aliisoma mara mbili kwa sauti. Ndiyo maana nilisema kadi hiyo ifichwe.

Jumla ya matumizi tangu Januari ni shilingi 4,400. Ukitoa kadi za "tangi" zilizotupwa na gharama ya kuchora upya ramani iliyoliwa na mvua, anayeanza leo atahitaji 3,220, na kwa kiasi kikubwa ni chai na uchapishaji. Kadi ziko kwa mzee wa mtaa ndani ya katoni, na wenzetu wa Mathare wanaazima wiki ijayo. Njahi zibadilishwe kabla, zimeanza kutobolewa na wadudu.

Kisha nilichukua zile fomu zangu kumi na moja za 2022, nikatoka na karatasi ya maswali ya sasa. Nyumba nne sikuzipata tena, ploti zimebomolewa au watu wamehama baada ya mafuriko. Mama wa yule mtoto nilimpata, amehamia korido ya nyuma. Mtoto amekuwa mkubwa, alinisalimia shikamoo. Nilimwomba mama aukumbuke wakati ule siku kwa siku. Alifikiri sana, akasema maji yalikuwa yamepotea, na mtoto alikuwa akishinda kwa nyanyake ploti ya pili, ambako walikuwa wakichota kwa mkokoteni na kuweka kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Kumbukumbu ya mwaka mmoja na nusu si ushahidi, na nimeandika hivyo pembeni. Nimefuta "bomba", nikaandika "huenda mkokoteni, kwa nyanya", kwa penseli.